Neno "than" na hukumu ya kiunganishi: uhakiki wa fundisho moja la sarufi ya Kiingereza

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vilivyopita mikononi mwetu tangu sekondari, neno "than" huorodheshwa miongoni mwa viunganishi, bega kwa bega na "because", "although" na "if". Kutokana na uainishaji huo hutolewa kanuni: kwa kuwa "than" ni kiunganishi, kinachofuata baada yake ni kishazi, na pale ambapo kishazi hakionekani, sharti tukubali kwamba kitenzi chake kimedondoshwa. Kwa hiyo husemwa "She is taller than I", kwa maana ya "She is taller than I am", na anayesema "She is taller than me" huhesabiwa kuwa amekosea. Makala haya yanakusudia kuipima kanuni hiyo. Tutaonyesha kwamba haikitoshelezi hata Kiingereza chenyewe, na kwamba kwa mwanafunzi msemaji wa Kiswahili ina madhara ya ziada, maana inamfanya akazie macho neno ambalo silo chanzo cha makosa yake.

Suala hili halikutufikia kwa njia ya vitabu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisahihisha mtihani wa wanafunzi wa mwaka wa pili. Mmoja wao aliandika "My brother is older than me", nasi tukachora mstari mwekundu chini ya "me", tukaondoa alama mbili. Karatasi ziliporudishwa, mwanafunzi huyo alitujia kwa adabu akiwa na karatasi ya maswali. Juu yake palikuwa na agizo tuliloliandika kwa mkono wetu wenyewe: "Write more than ten lines". Akauliza: "Samahani, Mwalimu, hapa baada ya than kimedondoshwa kitenzi gani?" Tulimjibu kwamba tungelitazama jambo hilo katika somo lijalo. Somo lijalo lilipita, na mengine mengi baada yake.

Fundisho tunalolihakiki lina baba anayejulikana. Naye ni Robert Lowth, kasisi wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu wa London mwaka 1777, na ambaye mwaka 1762 alichapisha kitabu kiitwacho A Short Introduction to English Grammar. Hoja yake ilikuwa ya kimantiki. Kiunganishi, alisema, hakina mamlaka juu ya umbo la nomino inayokifuata. Mamlaka hayo ni ya kitenzi na ya kihusishi. Basi nomino au kiwakilishi kinachofuata "than" hutawaliwa na kitenzi au kihusishi kilichotajwa, au kinachoeleweka bila kutajwa. Aliyesoma Kilatini ataona mara moja mantiki hiyo ilikotoka: neno "quam" la Kilatini huziacha nomino mbili zinazolinganishwa katika uhusika mmoja. Lakini Kilatini kilikuwa na njia ya pili pia, ya kuiweka nomino ya kulinganishia katika uhusika wa ablativo bila "quam" yoyote. Njia hiyo ya pili, iliyo karibu zaidi na "than me", haikuzaa kanuni yoyote mashuleni.

Tumtendee haki Lowth: alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliomfuata. Aliona kwamba kiwakilishi rejeshi "who" kikija baada ya "than" huchukua umbo la "whom", kama alivyoandika Milton katika Paradise Lost mwaka 1667. Kama "than" ingekuwa kiunganishi tu, tungetazamia "than who". Lowth alilikubali jambo hilo kuwa la pekee, akapita. Waliomfuata waliichukua kanuni wakaacha kipekee chake. Kadhalika, zaidi ya miaka 150 kabla ya kitabu cha Lowth, Shakespeare alikuwa amekwisha kuweka "me" baada ya "than" katika tamthilia ya Julius Caesar, mahali ambapo kinacholinganishwa ni kiima. Hakuna anayeweza kudai kwamba umbo hilo limeletwa juzi na wageni wasiojua lugha.

(Kwa pembeni: "than" na "then" yalikuwa neno moja katika Kiingereza cha kale. Katika toleo la tamthilia za Shakespeare la mwaka 1623, neno la ulinganisho huandikwa mara nyingi "then". Mwanafunzi anayeyachanganya leo anakosa tahajia tu. Kihistoria yuko nyumbani.)

Tuje kwenye ushahidi wa sentensi zenyewe. Kanuni ya udondoshaji inafanya kazi vizuri katika mifano kama hii:

(1) She is taller than I am.
Yeye ni mrefu kuliko nilivyo mimi.

(2) She is taller than me.
Yeye ni mrefu kuliko mimi.

Hapa mtu anaweza kusema kwamba (2) ni (1) iliyofupishwa na kuharibiwa. Lakini tutazame agizo la mtihani wetu, au sentensi yoyote ya idadi:

(3) More than ten students came.
Walikuja wanafunzi zaidi ya kumi.

Hakuna kitenzi kinachoweza kurudishwa baada ya "ten" na sentensi ikabaki Kiingereza. Tukirudisha "came", tunapata sentensi nyingine yenye maana nyingine, kwamba lilikuwako kundi la kumi lililokuja, na kundi la pili kubwa kuliko hilo. Yule mwanafunzi alikuwa ameligusa jipu penyewe. Inafaa kutaja kwamba Kifaransa na Kiswahili vyote viwili hutenganisha mambo ambayo Kiingereza huyavika vazi moja. Mfaransa husema "plus de dix" kwa idadi na "plus que" kwa ulinganisho wa watu au vitendo. Sisi husema "zaidi ya" na "kuliko". Ndiyo maana sentensi "He ate more than ten men" ina utata wa kutisha kwa Kiingereza: huenda mtu huyo alikula chakula kingi kuliko wanaume kumi, huenda aliwala wanaume wenyewe. Katika Kiswahili hofu hiyo haipo. "Alikula kuliko watu kumi" ni mlafi. "Alikula watu zaidi ya kumi" ni zimwi.

Ushahidi wa pili unatokana na maswali:

(4) Who is she taller than?

Sentensi hii ni ya kawaida kabisa katika mazungumzo ya Waingereza na Wamarekani. Kiwakilishi kilichokuwa baada ya "than" kimehamia mwanzo, na "than" imebaki nyuma peke yake, sawasawa na kihusishi "with" katika "Who did she go with?" Viunganishi haviruhusu jambo hilo. Hakuna asemaye "Who did she leave because?" Tena, kama kitenzi "is" kingekuwamo chini kwa chini, kwa nini kukirudisha huiharibu sentensi? "Who is she taller than is?" haisemwi na mtu yeyote.

Ushahidi wa tatu ni wa kiwakilishi cha kujirejea:

(5) Nobody can be taller than himself.
Hakuna awezaye kuwa mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Neno "himself" haliwezi kuwa kiima cha kitenzi chenye wakati. "Himself is" si Kiingereza. Basi katika (5) hakuna kishazi kilichofichwa. Kuna nomino moja tu, nayo inatawaliwa na "than" kama yambwa inavyotawaliwa na kihusishi. Katika makala yake ya mwaka 1973, mwanaisimu Jorge Hankamer alijenga hoja za aina hii na kuhitimisha kwamba Kiingereza kina "than" mbili, moja kiunganishi na nyingine kihusishi. Kabla yake, mwaka 1924, Otto Jespersen alikuwa amekwisha kuhoji kama kweli vihusishi na viunganishi ni kategoria mbili. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi kubwa waliyoihariri na kuitoa Cambridge mwaka 2002, wanashika njia hiyo ya Jespersen: "than" ni kihusishi kimoja, ambacho mara hufuatwa na kirai-nomino, mara na kishazi.

Kati ya majibu haya mawili sisi tunaelemea lile la pili, kwa sababu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuithibitisha bila kitabu. Tuangalie neno "after". Twasema "after the war" na "after the war ended". Hakuna mwalimu anayedai kwamba katika "after the war" kitenzi kimedondoshwa, wala hakuna anayemkataza mtu kusema "after me". Neno moja linakubali vijalizo vya aina mbili, na mambo yanakwenda. Ikiwa "after" imepewa uhuru huo, haieleweki kwa nini "than" inyimwe. Hata hivyo tunakiri kwamba kamusi nyingi bado huandika kategoria mbili, na mwalimu wa sekondari hatapata hasara kubwa akiziacha zilivyo, mradi asifute mojawapo.

Upo upande mmoja ambapo wafuasi wa Lowth wana hoja nzuri, na si haki kuuficha. Sentensi "She loves you more than me" na "She loves you more than I" hazina maana moja. Ya kwanza, kwa msomaji mwangalifu, humaanisha kwamba ananipenda mimi kidogo kuliko anavyokupenda wewe; ya pili, kwamba mimi nakupenda kidogo kuliko yeye anavyokupenda. Anayeandika "me" kila mahali amepoteza chombo cha kutofautishia. Ni kweli. Lakini chombo chenyewe ni hafifu: tukiweka jina la mtu badala ya kiwakilishi, tofauti yote inatoweka, kwa kuwa nomino za Kiingereza hazibadiliki umbo baina ya kiima na yambwa. Mwandishi anayetaka kueleweka hutumia kitenzi: "more than I do", au "more than she loves me". Na hapa ndipo Kiswahili kinapoanza kutufundisha jambo.

"Anakupenda kuliko mimi" ina utata uleule, na kwetu hakuna "I" wala "me" ya kutuokoa, maana kiwakilishi "mimi" hakibadiliki. Tunapotaka kuondoa utata tunasema "anakupenda kuliko ninavyokupenda mimi", au "anakupenda kuliko anavyonipenda mimi". Tazama kilichotokea: kitenzi kimerudi, lakini hakikurudi mikono mitupu. Kimerudi na kirejeshi "-vyo-". Hatuwezi kusema "anakupenda kuliko ninakupenda". Kirejeshi ni cha lazima.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Wanaisimu wanaoshughulikia Kiingereza wamejua tangu makala ya Joan Bresnan ya mwaka 1973 kwamba kishazi kinachofuata "than" hakikamiliki kamwe. Daima kuna pengo ndani yake:

(6) She bought more books than I read.
Alinunua vitabu vingi kuliko nilivyosoma.

(7) The table is longer than the door is wide.
Meza ni ndefu kuliko mlango ulivyo mpana.

Katika (6) kitenzi "read" hakina yambwa yake, na hatuwezi kuirudisha kwa kusema "than I read ten books". Katika (7) kivumishi "wide" hakina kipimo, na hatuwezi kusema "than the door is two metres wide". Kitu kinachokosekana ni kiwango chenyewe: wingi wa vitabu, kiasi cha upana. Mwaka 1977 Noam Chomsky alipendekeza kwamba pengo hilo ni la namna moja na pengo la vishazi rejeshi na la maswali, na akataja kwamba baadhi ya wasemaji wa Kiingereza hutamka hata kirejeshi chenyewe, wakisema "than what". Basi kile ambacho Kiingereza sanifu hukificha, na ambacho kilidai nadharia nzima ili kigunduliwe, Kiswahili hukiweka hadharani katikati ya kitenzi kila siku sokoni. "-vyo-" ya "ulivyo mpana" ni jina la lile pengo. Hatusemi kwamba Kiswahili kinathibitisha muundo wa Kiingereza. Lugha haishuhudii kwa niaba ya lugha nyingine namna hiyo. Tunasema kwamba mwanafunzi msemaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa pengo hilo, na hakuna kitabu tulichowahi kufundishia kinachomwonyesha njia hiyo.

Kuliko yenyewe ina habari. Tukiichambua tunapata "ku-", kiambishi cha mahali. "-Li-", shina la kitenzi cha kuwa. Na "-ko", kirejeshi cha mahali. Maana yake ya asili ni "mahali palipo", "kule kuliko na kitu". "Mrefu kuliko mimi" ilikuwa, kwa asili, "mrefu pale nilipo mimi". Kwa hiyo swali tunalowauliza Waingereza, kama neno lao la ulinganisho ni kiunganishi au kihusishi, linaturudia wenyewe. Wengine huita kuliko kiunganishi, wengine kihusishi, wengine kielezi. Kihistoria ni kitenzi chenye kirejeshi. Tunatamani mtu mwingine aliandikie jarida hili makala juu yake.

Sasa tufike kwenye lile tulilolitangulia mwanzoni. Katika Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi, Bukavu au Goma, kuliko ni neno la darasani na la kanisani. Nyumbani mtu husema "mukubwa kupita miye", au hutumia kushinda. Katika Kiswahili sanifu pia twaweza kusema "ananipita urefu", "amenizidi umri". Katika miundo hii yote kinachobeba ulinganisho ni kitenzi, na yule anayelinganishwa naye ni yambwa ya kitenzi hicho, tena yambwa iliyo wazi, yenye kiambishi chake "-ni-". Ongeza juu ya hayo Kifaransa, lugha ambayo kwayo mwanafunzi huyu alifundishwa Kiingereza chenyewe. Mfaransa husema "plus grand que moi", na hawezi kusema "plus grand que je". Lugha mbili alizozishika kwanza, moja ya nyumbani na moja ya shule, zinamwambia kwa sauti moja kwamba aliyelinganishwa naye hasimami katika umbo la kiima. Anaposema "than me" anasema kile ambacho hata Kiingereza kinakiruhusu, na ndipo tunapomwondolea alama.

Wakati huohuo kuna kosa la kweli linalotupita pembeni. Tulipokusanya insha za miaka kadhaa, kosa lililotukera mara kwa mara lilikuwa hili:

(8) *She is tall than me.

Nyota inaonyesha kwamba sentensi si sahihi, nayo kweli si sahihi kwa msemaji yeyote wa Kiingereza. Chanzo chake? Tazama tafsiri ya (2) hapo juu: "Yeye ni mrefu kuliko mimi". Kivumishi "mrefu" hakikubadilika hata kidogo. Twaweza kuongeza "zaidi", lakini si lazima. Katika Kiswahili uzito wote wa ulinganisho umebebwa na kuliko au kupita, na kivumishi kinabaki kama kilivyo. Katika Kiingereza mambo yamepinduliwa: uzito umebebwa na kivumishi, kwa kiambishi tamati "-er" au kwa neno "more" lililotangulia, na "than" inafuata kwa kuitwa tu. "Than" haiji isipoitwa. Inaitwa na "-er", na "more", na "less", na maneno machache kama "other" na "rather", na pasipo mwitaji haina nafasi katika sentensi. Kinyume chake, mwitaji anaweza kusimama peke yake: "She is taller" ni sentensi kamili, ikiwa msikilizaji anajua ni nani anayelinganishwa naye. Kwetu "yeye ni mrefu" peke yake hailinganishi na mtu yeyote.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya msingi kati ya lugha hizi mbili, na fundisho la kiunganishi halisemi neno juu yake. Linamfundisha mwanafunzi kuitafakari "than" kana kwamba ndiyo bwana wa nyumba, ilhali ni mgeni aliyealikwa. Mwanafunzi anayeifahamu kanuni ya "than I am" kwa moyo anaweza bado kuandika "She is tall than I am", akidhani amefanya vema kwa sababu ya "I". Tumeona sentensi hiyo kwa macho yetu. Kosa lake dada, "more tall that me", lina asili nyingine: "that" hapo ni "que" ya Kifaransa iliyovaa nguo za Kiingereza, na "more" ni "plus". Makosa haya mawili yanatokana na lugha mbili tofauti, na dawa zake ni mbili. Kuyafuta yote kwa wino mmoja hakumsaidii mtu.

Kuhusu "more" yenyewe tutasema machache. Neno hili hubadilisha dhima kulingana na linachokitangulia. Katika "more water" ni kibainishi cha nomino. Katika "more beautiful" ni kielezi cha kivumishi. Katika "she works more" ni kielezi cha kitenzi. Katika "I want more" linasimama badala ya nomino. Hayo yamo katika kila kitabu. Yasiyomo mara nyingi ni haya mawili. La kwanza:

(9) He is more lazy than stupid.

Hapa hairuhusiwi kusema "lazier than stupid", ingawa kwa kawaida "lazy" hupokea "-er". Sababu ni kwamba hatulinganishi uvivu wa watu wawili. Tunalinganisha maneno mawili na kuuliza lipi linamfaa mtu huyo zaidi. Kiswahili kwa kawaida kingeacha kabisa muundo wa ulinganisho na kusema "si mjinga hasa, ni mvivu", na mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atazaa sentensi isiyoeleweka. La pili ni "The more I read, the less I know", ambapo "the" si kibainishi bali ni mabaki ya umbo la kale la kiwakilishi, lenye maana ya "kwa kiasi hicho". Kwetu ni "kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyozidi kutojua". Tazama tena: "-vyo-" imerudi, mara mbili.

Huenda mtu akauliza kama yote haya hayamhusu mwalimu wa Kiingereza peke yake, na kwa nini yaandikwe kwa Kiswahili katika taarifa ya masomo ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba mwalimu huyo na mwanafunzi wake wote wanasema Kiswahili, na kwamba sarufi ya Kiingereza waliyopewa ilitungwa kwa macho ya Kilatini, kisha ikapitia Kifaransa kabla ya kuwafikia. Ni njia ndefu. Katika mtihani wetu wa sasa hatuulizi tena "than" ni kategoria gani. Tunatoa sentensi yenye utata, kwa mfano "I respect her more than you", na kumtaka mwanafunzi aiandike kwa Kiswahili mara mbili, kwa maana zake mbili, akitumia "-vyo-". Kisha airudishe katika Kiingereza mara mbili, bila utata. Anayeweza kufanya hivyo amekwisha kuuelewa muundo, hata kama hajui jina lake. Swali la pili linatoa vivumishi bila "-er" wala "more", na kumtaka aseme ni neno gani limeita "than". Wengi hukwama hapo kwa dakika moja au mbili, wakitafuta mwitaji asiyekuwapo, ndipo wanagundua kwamba sentensi yenyewe ni mbovu.

Yule mwanafunzi wa mwaka wa pili hakupata alama zake mbili. Tulipokuwa tayari kuzirudisha, mkutano wa kupitisha matokeo ulikuwa umekwisha kufanyika, na orodha zilikuwa zimebandikwa ukutani.